Giza Lina Fundi Wake

Nilipokuwa darasa la nne baba alinipeleka kwenye maonyesho ya Nanenane, viwanja vya Nzuguni. Matrekta nimeyasahau, na madume ya ng'ombe yaliyovishwa riboni nimeyasahau pia. Ninachokikumbuka ni turubai jeusi lililosimikwa nyuma ya mabanda, jirani na wauza miwa, na juu ya mlango wake ubao ulioandikwa kwa chokaa: NYUMBA YA MIZIMU. Kiingilio shilingi mia. Ndani mlikuwa na kinjia chembamba kilichozungushiwa magunia, kinakata kulia, kinakata kushoto, kinarudi kilikotoka. Taa hakuna. Unatoka kwenye jua la Agosti la Dodoma, lile linalokufanya ukunje uso, unatumbukia humo, na macho yako hayana kazi tena. Unapapasa magunia. Unamsikia mwenzako wa mbele akihema. Halafu kitu baridi, kilicholowa, kinakupita shingoni taratibu.

Kilikuwa kitambaa tu, kimechovywa kwenye ndoo na kuning'inizwa kwa kamba. Hilo nililijua miaka mingi baadaye. Siku ile nilipiga ukelele ambao baba aliusikia akiwa nje, na kabla sijaumaliza, mtu aliyejificha nyuma ya magunia akalipiga bati kwa rungu kwa nguvu zake zote.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka binti yangu kwenye nyumba ya namna ile, mahali pengine hapa hapa mjini. Imekarabatiwa, tuliambiwa. Na kweli ilikuwa mpya: kuta za mbao, spika mbili kubwa, taa nyekundu na kijani za kuwaka na kuzima, vinyago vya plastiki vya dukani vyenye damu ya kuchora. Binti yangu alipita mle akitafuna bisi. Alipotoka akaniuliza, "Baba, mizimu yenyewe iko wapi?"

Swali hilo limenifanya nisome mengi kuhusu watu walio mbali na sisi ambao nyumba za mizimu kwao ni urithi wa mji, wanaozikarabati kwa uangalifu ule ule unaotumika kukarabati kanisa la kale. Huko si nyumba ya kutembea kwa miguu. Unakaa ndani ya kibehewa cha watu wawili, kinasukuma milango kwa pua yake, kinaingia gizani na kukuzungusha kwenye reli iliyopindapinda, huku mambo yakikurukia kutoka pembeni. Waingereza huita treni ya mizimu, na mimi nitaliazima jina hilo.

Mtu anayetajwa sana katika historia yake ni Leon Cassidy, Mmarekani aliyekuwa na sehemu katika bustani ndogo ya michezo ya Tumbling Dam, mjini Bridgeton, New Jersey. Michezo mingi ya gizani ya wakati huo ilikuwa ya mashua zinazoelea kwenye mifereji, na kujenga mifereji ni gharama ya watu wenye fedha. Mwaka 1928 Cassidy alileta kibehewa cha umeme kinachofuata reli moja tu katikati ya sakafu. Reli moja inakubali kona kali, na kona kali maana yake ni kwamba unaweza kuikunja safari ndefu ndani ya banda dogo, abiria asijue kwamba amepita mita moja tu kutoka pale alipopita dakika iliyotangulia. Inasimuliwa kwamba abiria mmoja alishuka akasema amepindwa kama pretzel, ule mkate wa Kijerumani uliofungwa fundo, na Cassidy akaichukua kauli hiyo ikawa jina la kampuni. Ubavuni mwa mabehewa wakafunga mapambo mazito ya chuma yenye umbo la mkate huo, na uzito wake ukasaidia behewa lisipinduke konani.

Vitisho vyenyewe vilikuwa vya kimaskini. Behewa linakanyaga wenzo sakafuni, wenzo unavuta kamba, kamba inafungua kisanduku chenye sanamu, au vyuma viwili vinagongana sikioni pako. Na juu, kutoka darini, waliacha nyuzi zinaning'inia. Uzi tu wa kushonea. Gizani, ukikupita usoni, ni utando wa buibui. Niliposoma habari ya zile nyuzi nilisimama, nikakumbuka kitambaa cha Nzuguni. Watu wawili ambao hawakuwahi kusikiana, mmoja New Jersey, mwingine uwanjani kwetu, walifikia ugunduzi ule ule: mtu asiyeona hutishwa kupitia ngozi.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa sababu ukarabati mwingi huharibikia hapa. Jicho la binadamu likitoka kwenye mwanga mkali linahitaji karibu nusu saa kulizoea giza kikamilifu. Safari ya treni ya mizimu haifiki hata dakika tano. Maana yake abiria anashuka kabla macho yake hayajaweza kumsaidia vya kutosha, na muda wote aliokuwa ndani ameuishi kwa masikio, kwa pua na kwa ngozi. Fundi wa kwanza alilijua hilo bila kusoma popote. Fundi wa pili, yule anayekuja kukarabati miaka hamsini baadaye, haamini kwamba giza peke yake ni kazi iliyofanywa na mtu. Analiona kama upungufu. Anaweka taa. Akishaweka taa inabidi kuwe na cha kuonekana, ananunua sanamu. Sanamu ikionekana sana inabainika ni plastiki, inabidi ichezeshwe. Kucheza kwake kunahitaji kelele. Mwishoni una duka la vinyago lenye muziki, na mtoto anakula bisi.

Na niseme hapa kwamba Dodoma imejaliwa kuliko miji mingi kwa mchezo huu. Jua letu ni nusu ya mtambo. Mtu anayetoka kwenye mwanga wa saa nane mchana pale Nyerere Square akatumbukizwa gizani anakuwa kipofu kamili kuliko mtu wa London anayetoka kwenye mawingu.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Kennywood, bustani ya michezo iliyo jirani na Pittsburgh, Pennsylvania, iliyoanzishwa mwaka 1898. Wanayo nyumba iitwayo Noah's Ark, safina ya Nuhu, ya mwaka 1936: jengo lenye umbo la merikebu linaloyumba kweli huku ukitembea ndani yake. Mwaka 1969 waliiwekea mlango wa kuingilia wenye umbo la kinywa cha nyangumi. Ili uingie lazima ukanyage ulimi, na ulimi ulikuwa laini, unabonyea chini ya mguu. Mwaka 1996 ukafanyika ukarabati mkubwa na kinywa kile kikaondolewa. Mahali pake pakawekwa kitu cha kisasa zaidi. Watu wakaingia, wakatoka. Lakini waliokuwa wamekanyaga ule ulimi utotoni hawakuusahau. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2016, wenye bustani walirudisha kinywa cha nyangumi, na ulimi wake laini.

Hebu lipime hilo. Miaka ishirini ya mitambo mipya haikuweza kushindana na godoro lililopakwa rangi. Waliokuwa watoto mwaka 1975 walikuwa sasa wanawaleta wajukuu, na kitu cha kwanza walichotaka kumwonyesha mjukuu ni namna mguu unavyozama. Bustani hiyo hiyo ina mchezo mwingine wa mashua gizani, Old Mill, wa tangu mwaka 1901. Mwaka 2004 waliugeuza ukawa wa paka wa vibonzo. Mwaka 2020 wakamwondoa paka, wakarudisha jina la zamani na mifupa inayocheza gizani. Mara mbili katika miaka minne bustani moja imekiri, kwa fedha zake yenyewe, kwamba ilikuwa imeondoa kisichostahili kuondolewa.

Coney Island, New York, wana treni ya mizimu ya mwaka 1955, Spook-A-Rama. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilisukuma bahari ndani ya mji, maji ya chumvi yakaingia kwenye reli, kwenye mota na kwenye sanamu. Chumvi ni adui asiyeoshwa kwa maji mara moja, ndugu zetu wa pwani wanajua. Familia inayoimiliki ingeweza kubomoa, na hakuna ambaye angewalaumu. Wao walisafisha, wakakausha, wakaokoa sanamu walizoweza kuziokoa, wakaweka mpya pale ambapo ya zamani haikuwa na namna, na mabehewa yakarudi kutembea. Ninachokipenda kwao ni kwamba hawakuwa wakisubiri mradi. Ni familia inayoutunza mtambo wake yenyewe.

Siyo kila mahali huenda hivyo, na si kila mahali panapaswa kwenda hivyo. Bustani ya Efteling, Uholanzi, ilikuwa na ngome ya mizimu ya tangu mwaka 1978. Waliifunga Septemba 2022, wakaibomoa, na Oktoba 2024 wakafungua mchezo mwingine kabisa mahali pale pale. Wapo waliolia. Lakini mchezo mpya umejengwa juu ya kipande kile kile cha muziki kilichokuwa kikipigwa kwenye ngome ya zamani, na mtu aliyekulia pale akisikia zile nyuzi za fidla anajua ameingia nyumba ya nani. Nisingepinga. Waliobomoa walijiuliza kwanza ni kitu gani kilichokuwa kikitisha, wakakibeba hicho, wakaacha matofali.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu kufikiri kwangu juu ya ukarabati kulianza kwa bibi yangu kabla sijasikia habari za Pennsylvania.

Bibi alikaa kwenye tembe, upande wa Bahi. Msomaji wa Dodoma hahitaji kuelezwa, ila kwa wageni wa jiji, ambao sasa ni wengi: tembe ni nyumba ndefu ya Wagogo, chini, kuta za miti na udongo, na paa lake ni bapa, magogo yamelazwa, juu yake fito, juu yake udongo. Madirisha karibu hakuna. Mchana wa saa sita ndani ya tembe ni usiku. Humo ndimo nilimosikia hadithi za zimwi. Paukwa, pakawa, na bibi anaanza. Alikuwa na tabia moja: zimwi likifika mlangoni, ananyamaza. Hasemi "likabisha hodi". Ananyamaza tu, anachokonoa moto, na wewe unasikia mbuzi wakijisugua ukutani upande wa pili, na hujui tena kama ni mbuzi. Hakuna spika iliyowahi kunifanyia vile.

Na kila mwaka, mvua za Desemba hazijaanza, bibi na wenzake walipanda juu ya paa na ndoo za udongo. Paa la udongo likikaa mwaka mmoja bila kusiribwa linapasuka, likikaa miwili linavuja, likikaa mitatu linaanguka. Ukiliuliza tembe lile lina umri gani, jibu ni gumu. Magogo mengine yalikuwa ya babu yangu. Udongo wa juu ulikuwa wa Novemba iliyopita. Lakini hakuna aliyewahi kusema tembe la bibi limekarabatiwa. Lilikuwa likikaliwa.

Kaskazini kidogo, Kondoa, kuna urithi wa aina nyingine kabisa: michoro ya mapangoni ya Kolo na vilima vya jirani, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, eneo la kilomita za mraba zaidi ya 2,300. Watu warefu wembamba, swala, twiga, kwa rangi nyekundu iliyogandamana na jiwe. Pale ukija na brashi umefanya uhalifu. Rangi iliyofifia iachwe ififie yenyewe. Kazi yetu ni kuzuia moshi, mikono na maji. Hata hivyo, pango la Mungomi wa Kolo hadi leo wenyeji wanalitumia kwa matambiko yao, na kuliwekea ukuta wa kuwazuia kungelifanya liwe kitu kingine.

Ninaviweka viwili hivi pamoja kwa sababu neno letu "ukarabati" linavimeza vyote. Kuna cha kale ambacho uhai wake ni kutoguswa, na kuna cha kale ambacho usipokigusa kila mwaka kinakufa. Treni ya mizimu ni tembe. Wenzo uliochakaa unabadilishwa, uzi uliokatika unafungwa mwingine, mlango unaogongwa na behewa mara mia tatu kwa siku hauwezi kuwa mlango wa mwaka 1955. Anayetaka kila msumari uwe wa asili ataishia na ghala la vyuma lililofungwa. Kinachotakiwa kubaki ni kile kimya cha bibi: urefu wa giza kabla ya bati, upande ambao kitambaa kinatokea, kona ambayo unadhani umefika mlangoni na kumbe hapana. Hivyo havikai kwenye mchoro wa injinia. Vinakaa kwa mtu aliyeendesha mtambo ule kwa miaka.

Ndiyo maana sanamu za kale zinahitaji mkono wa tahadhari kuliko mota. Mmarekani Bill Tracy, aliyefariki mwaka 1974, alikuwa mchonga sanamu kabla hajawa mjenzi wa michezo ya giza. Kazi zake chache zimesalia. Nyumba yake ya mizimu pale Ocean City, Maryland, ni ya mwaka 1964. Sura aliyoitengeneza mchongaji ina mikunjo midogo chini ya jicho, na mikunjo hiyo ndiyo inayokufanya usite. Ipake rangi kila msimu kwa miaka hamsini bila kukwangua ya zamani, mikunjo inajaa, pua inakuwa donge. Kila aliyepaka alifanya hivyo kwa nia njema.

Lipo jambo ambalo mpenzi wa vya kale hatakiwi kulipita kimya. Mei 11, 1984, kwenye bustani ya Six Flags Great Adventure huko New Jersey, moto uliwaka ndani ya jengo la mizimu na kuua vijana wanane. Jengo lilikuwa limeungwa kwa matrela, ndani mna sponji inayoshika moto kwa kasi, na hapakuwa na mabomba ya kuzimia moto darini. Miaka mitano kabla yake, Juni 9, 1979, treni ya mizimu ya Luna Park, Sydney, iliteketea na kuua watu saba, sita kati yao watoto. Giza, vijia vilivyopinda, mlango usiojulikana uliko: vile vile vinavyoufanya mchezo uwe mchezo ndivyo vilivyowafungia ndani.

Kwa hiyo mtu akiniambia nyumba ya zamani irudishwe jinsi ilivyokuwa, magunia kwa magunia, namjibu hapana. Lile turubai la Nzuguni lililonifurahisha, nikilitazama leo kwa macho ya mzazi, lilikuwa mtego: gunia kavu, upepo wa Agosti, watu kumi ndani na mlango mmoja. Suluhisho limepatikana na halihitaji kuwasha taa muda wote. Jengo linafungwa vitambua moshi. Moshi ukisikika, kelele zote zinakatika, mabehewa yanasimama, taa za njia ya kutokea zinawaka zenyewe, na maji yanafunguka darini. Siku nyingine zote giza linabaki giza. Mkarabati mzuri fedha zake nyingi zinaishia mahali ambapo mteja hatapaona kamwe, akimjalia Mungu.

Na mizimu je, ni ipi irudi? Huko Marekani wameanza kulijibu hili. Mwaka 2018 Disneyland waliiondoa sehemu ya mchezo wa maharamia ambapo wanawake walikuwa wakinadiwa kama mbuzi. Mwaka 2021 wakaanza kuondoa, kwenye mchezo wao wa mashua msituni ulioanza 1955, zile sanamu za wenyeji wa porini wawinda vichwa. Tunajua ni nani aliyekuwa akichorwa humo. Sisi tulikuwa mizimu ya watu wengine. Wapo waliosema huko ni kuharibu historia. Mimi naona ni kusiriba paa.

Sisi tuna la kwetu, zito zaidi. Katika nchi hii bibi vizee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa maisha mazima. Watu wenye ualbino wamewindwa. Hapa mjini nimeshaona ukutani mchoro wa mchawi wa kuchekeshea: bibi kizee, amejikunja, macho mekundu. Mtu aliyeuchora hakuwa na ubaya wowote. Lakini mtoto anayefundishwa kupiga ukelele akimwona bibi gizani anaufikisha ukelele huo kijijini. Kama kuna siku Dodoma itajenga treni yake ya mizimu, na natamani ijenge, sura ya mwanadamu dhaifu isiwemo. Tuna zimwi, tuna fisi anayeongea, tuna mbuyu unaopumua usiku, tuna tembo yule anayesimuliwa kwamba alididimia na kuupa mji huu jina lake. Hebu fikiria behewa linapita kwenye giza tupu, sakafu inaanza kubonyea, na chini yako kitu kikubwa mno kinashusha pumzi.

Hata kioo tunacho. Ule mzimu maarufu unaoonekana ukicheza dansi katika jumba la Haunted Mansion la Disneyland, lililofunguliwa Agosti 9, 1969, ni kioo tu kilichosimamishwa mbele ya mtazamaji, kikiakisi sanamu iliyofichwa na kumulikwa. Mbinu yenyewe ilionyeshwa London na John Henry Pepper mwaka 1862. Anayeitaka bure apande basi la usiku kutoka Morogoro, akae dirishani: mbele ya Gairo, taa ya ndani ikiwashwa, atauona uso wake mwenyewe ukielea juu ya vichaka vilivyo gizani, na vichaka vikipita ndani yake.

Ninalihimiza hili sasa kwa sababu ya kinachoendelea hapa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika mji huu. Ya 2022 ilihesabu 765,179. Serikali imehamia, treni ya umeme imefika mwaka 2024, na bustani za kupumzikia zinajengwa. Ni jambo jema sana, nimeshangilia kila utepe uliokatwa. Lakini nenda kwenye bustani moja ambayo sitaitaja, mwaka mmoja baada ya utepe. Bembea ya kuzunguka imefungwa kwa kamba ya katani. Nilipouliza, nikaambiwa beringi imekufa. Beringi moja. Kipuri cha kununua mjini na kufungwa kabla ya adhuhuri, lakini bembea ile imekaa na kamba msimu mzima, kwa sababu hakuna mtu ambaye ni yake. Kuna aliyeinunua, kuna aliyeisimika, kuna aliyeizindua. Wa kuipaka grisi asubuhi hayupo kwenye karatasi yoyote. Nasikia wanasubiri ije mpya.

Ombi langu kwa wanaopanga bustani hizi ni dogo: kabla ya kuandika bei ya mtambo, waandike jina la fundi wake na mshahara wake wa miaka kumi. Awe na daftari, awe na stoo ya vipuri, awe na kijana anayejifunza chini yake. Mji wenye fundi wa namna hiyo unaweza kuanza na turubai na ndoo.

Nimemtafuta yule wa bati. Haikuwa kazi ngumu, mji ulikuwa mdogo wakati ule na watu wanakumbukana. Leo anachomelea mageti, mtaa wa Chang'ombe, ndevu zimeota mvi. Nilimwamkia, nikamweleza nilikuwa mmoja wa watoto waliopiga kelele, akaweka chini miwani yake ya kuchomelea, akanitazama kwa muda. Nikamwuliza, ikiwa leo atapewa ile nyumba airudishe, ataanza na nini.

"Na maji," alisema. "Watu mnadhani kazi ilikuwa bati. Bati hata mtoto anapiga. Kazi ilikuwa kitambaa. Hapa Dodoma, mwanangu, upepo wa mwezi wa nane ule, kitambaa ukikichovya, watu wanane hawajapita kimeshakauka. Na kikavu hakimtishi mtu, ni kitambaa tu. Sasa mimi nilikuwa nachovya kila baada ya watu watano. Kutwa nzima, siku nane za maonyesho. Maji yenyewe nayatoa kwenye mtungi, yawe baridi. Mwaka uliofuata mwenye mali akamweka kijana mwingine, na yule kijana alikuwa anachovya asubuhi, basi."

Akavaa miwani yake. Nilikaa kwenye kigoda nikimsubiri amalize bawaba ya geti, na alipoifunga aliufungua mlango na kuufunga mara tano, mara sita, sikio lake likiwa karibu na chuma, kisha akaenda kuleta grisi.